Kagueni Roboti, Si Brosha

Kuna msemo unaozunguka kila msimu wa mashindano ya roboti ya shule unapoisha, na nimeusikia kwa wazazi, kwa walimu, hata kwa wanafunzi wenyewe: ati tuzo za majaji ni za kufuta machozi. Ati mshindi wa kweli ni yule aliyevuna pointi nyingi uwanjani, na hao wengine wanapewa kikombe cha plastiki ili wasirudi nyumbani mikono mitupu. Leo nataka kuupinga msemo huo. Nikimaliza, nataka kuwageukia wanaozitunga na kuzibadilisha tuzo zenyewe, maana wao ndio wanaoufanya msemo huo uanze kufanana na ukweli.

Msimamo wangu ni huu. Tuzo za majaji ndizo mlango pekee ambao timu isiyo na pesa inaweza kuupita kichwa kikiwa juu. Mabadiliko ya miaka ya karibuni yamekuwa yakiusukuma mlango huo ufungike polepole, kwa lugha tamu ya athari na uendelevu. Na sisi hapa Kenya tunayameza mazima mazima, wakati hata shati la mtumba pale Gikomba hulinunui kabla ya kulikagua mishono.

Kwa ambaye hajawahi kuingia kwenye ukumbi wa mashindano haya, wacha nieleze haraka. Chukua FIRST LEGO League, ambayo ndiyo shule nyingi huanzia. Watoto wanajenga roboti ndogo, wanaiandikia programu, kisha wanaiweka mezani na kuiachilia ifanye kazi yenyewe kwa dakika mbili na nusu. Hapo kuna kelele, kuna vuvuzela, kuna mzazi amepanda juu ya kiti. Lakini sehemu hiyo yote, kwenye hesabu ya kumpata bingwa wa jumla, ni robo tu. Robo tatu zilizobaki ziko kwa majaji: muundo wa roboti, mradi wa ubunifu, na maadili ya timu. Kwa hivyo anayekuambia majaji ni mapambo hajasoma sheria.

Mpangilio huo haukuja kwa bahati mbaya. Dean Kamen alianzisha shirika la FIRST huko Marekani mwaka 1989, na mashindano ya kwanza yakafanyika 1992, akisaidiwa na Woodie Flowers, profesa wa uhandisi wa chuo cha MIT aliyefariki 2019. Tangu mwanzo wazo lao lilikuwa kwamba roboti ni kisingizio. Kinachojengwa hasa ni mtoto. Ndiyo maana katika FIRST Robotics Competition, ile ya vijana wakubwa, heshima ya juu kabisa haiendi kwa roboti iliyoshinda mechi. Inatolewa na majaji.

Kwa nini hilo ni muhimu kwetu? Kwa sababu uwanja unapima roboti, na roboti, tusidanganyane, inapima mfuko. Katika LEGO League roboti lazima ijengwe kwa vipande vya LEGO pekee. Ukienda Luthuli Avenue ukanunua sensa ya bei nafuu, sheria inaikataa. Ukifungua blenda mbovu ya mama ukatoa mota, sheria inaikataa. Mimi nimelea klabu katika shule ya kutwa huku Eastlands ambako wanafunzi kumi na wawili walishiriki seti moja, kwa zamu, na betri ikiisha chaji stima zikiwa zimepotea, siku imeisha. Upande wa pili wa meza siku ya mashindano wanasimama watoto ambao kila mmoja ana seti yake nyumbani na mkufunzi wa kulipwa Jumamosi. Wote wanapewa dakika mbili na nusu zile zile. Hiyo tunaiita haki?

Chumba cha majaji ndicho mahali pekee ambapo mtu mzima anaweza kuuliza: mlifikaje hapa? Mlianza na nini? Hii sehemu ilivunjika mara ngapi? Nani alifikiria kuitengeneza hivi? Ni maswali ambayo ubao wa pointi hauwezi kuuliza. Ukiyauliza vizuri, unaweza kugundua kwamba roboti iliyomaliza ya kumi na tisa ndiyo iliyofikiriwa zaidi ukumbini.

Sasa tuangalie kilichobadilika.

Hadi mwaka 2020, timu za LEGO League zilizunguka kwa majaji wa aina tatu: wa roboti, wa mradi, na wa maadili. Kila eneo lilikuwa na tuzo zake kadhaa. Ungeweza kutuzwa kwa programu peke yake, au kwa umakanika peke yake, au kwa utafiti peke yake. Kuanzia msimu wa 2020-21, vyote vikaunganishwa kuwa kikao kimoja cha dakika 30, na tuzo za kila eneo zikakunjwa zikawa moja. Wakati huo huo, katika FIRST Tech Challenge, lile daftari la uhandisi ambalo timu ilikuwa ikiliandika siku baada ya siku liliacha kuwa hati kuu ya majaji. Mahali pake pakaingia potifolio isiyozidi kurasa 15, ukiacha jalada.

Msimu wa 2023, ile heshima ya juu ya FIRST Robotics Competition iliyokuwa ikiitwa Chairman's Award ikapewa jina jipya, Impact Award, yaani tuzo ya athari. Karibuni zaidi, Tech Challenge imeiondoa Motivate Award, iliyokuwa ya ari na umoja wa timu, na kuleta Reach na Sustain: moja ya kuwavuta watu wapya kwenye mashindano, nyingine ya kuonyesha kwamba timu imejipanga isife kesho. Na kuanzia msimu wa 2025-26, ile orodha ya zamani ya nani asonge mbele kwanza iligeuzwa kuwa hesabu ya pointi, ambamo mechi na tuzo zinajumlishwa pamoja.

Sisemi yote haya ni mabaya. Jina la mwenyekiti kuondoka kwenye tuzo halinikoseshi usingizi. Mtoto wa Kayole hamjui huyo mwenyekiti. Kikao kimoja kinasaidia timu ndogo, maana watoto watano hawawezi kukimbia vyumba vitatu huku roboti inawasubiri mezani. Hesabu ya pointi angalau unaweza kuikagua kwa kalamu yako mwenyewe. Lakini yapange mabadiliko haya kwa mstari uone yanakoelekea. Tumetoka kwenye daftari tukaenda kwenye kijitabu cha kuvutia. Tumetoka kwenye tuzo ya fundi wa programu, fundi wa gia, mtafiti, tukaenda kwenye tuzo moja kubwa ya kila kitu. Tumetoka kwenye swali la mmejenga nini, sasa tunauliza mmewafikia wangapi.

Hapo kwa wangapi ndipo ninapotaka tusimame kidogo, bana, kwa sababu ndipo mchezo unapochezwa.

Timu yenye basi la shule inaweza kuamka Jumamosi moja, ikavaa fulana zinazofanana, ikaenda kwenye nyumba ya watoto mayatima, ikawaonyesha roboti kwa saa moja na nusu, ikapiga picha na unga wa msaada mbele, ikarudi. Kwenye potifolio inaandika: tumeifikia jamii, watoto 140. Jumamosi inayofuata wanakwenda kwingine, 200. Kufikia mwisho wa muhula wana nambari ambayo hata mbunge angeionea wivu. Hakuna anayeuliza ni wangapi kati ya hao 140 waligusa roboti. Hakuna anayeuliza kama waliwahi kurudi.

Sasa nikupe upande wa pili. Nimejitolea kuwa jaji misimu kadhaa, na katika kikao kimoja tulimuuliza msichana wa shule ndogo ya kutwa: timu yenu imefanya nini kwa jamii? Akaangalia wenzake. Akasema, hatujafanya. Kimya. Nikamuuliza kwa njia nyingine: jioni mkifanya mazoezi, huwa mko wenyewe? Akacheka. "Aah, hapana. Huwa wanakuja wale watoto wa ploti, wanatuharibia. Tuliamua tuwape kazi. Sasa mmoja wa darasa la nne ndiye anatuandikia programu ya kugeuka." Kila jioni, kwa muhula mzima! Mtoto wa darasa la nne anaandika programu, amefundishwa na mtoto wa darasa la nane, sakafuni, bila fulana, bila picha. Wao kwao hiyo haikuwa huduma kwa jamii. Ilikuwa ni kukaa tu na majirani.

Tulibishana kwenye meza ya majaji kwa muda mrefu. Karatasi ilitaka ushahidi, na ushahidi maana yake ilikuwa picha, barua, nambari. Hawakuwa navyo. Waliwekwa kiwango cha chini kabisa, na timu ya fulana ikapanda jukwaani. Sheria ilifuatwa neno kwa neno. Ndiyo maana sina ugomvi na majaji wenzangu. Ugomvi wangu ni na karatasi.

Twende kwenye potifolio yenyewe. Kurasa 15 zinasikika kama huruma kwa mtoto, asibebeshwe daftari la kurasa mia. Lakini uliza kitakachoingia kwenye hizo kurasa. Daftari la zamani lilikuwa na tarehe, lilikuwa na michoro iliyofutwa, alama ya grisi, mahali mtoto mmoja ameandika "leo hatujafanya kitu, mwalimu hakuja". Ulikuwa ukilisoma unaona kazi ikiendelea, pamoja na siku za aibu. Potifolio ni kazi iliyooshwa. Inapangwa kwenye Canva, inachapishwa kwa rangi, na kuchapisha kwa rangi pale mtaani ni pesa ya chakula cha mchana cha timu nzima. Aliye na printa ofisini kwa baba anaanza mbele hata kabla hajafungua mdomo.

Na tangu ChatGPT ije, mambo yamechacha. Nimesoma kurasa zenye Kiingereza laini kama siagi, kila aya ina maneno makubwa ya ushirikiano na uvumbuzi, kisha nikamuuliza aliyeiwasilisha: hii gia mliichagua kwa nini? Akaniangalia kama nimemuuliza jina la babu wa jirani. Mashine iliandika, mkufunzi akarekebisha, mtoto akakariri. Sasa tunachotuza ni nini? Tukiendelea kupima karatasi katika zama ambazo karatasi inajiandika, tutakuwa tunaipa ChatGPT kikombe, halafu tunampa mtoto aibebe.

Kuna jambo jingine ambalo hatulisemi, nalo ni lugha. Siku ya mashindano nenda pale timu zinapojiandalia, usikilize watoto wakirekebisha roboti. "Hii kitu inavuta kushoto juu hiyo tairi imelegea, kaza hapo, ngoja, usiguse sensa." Hapo wanafikiri. Wanabishana, wanapima, wanajaribu tena. Dakika kumi baadaye, watoto hao hao wako mbele ya majaji, wamesimama kama askari kwenye gwaride, wanatema sentensi za Kiingereza walizokariri. Ukiwakatiza kwa swali, wanapotea, kwa sababu sentensi inayofuata ilikuwa imefungwa kwa hiyo iliyotangulia. Jaji anaandika: hawana ufahamu wa kutosha. Ufahamu wanao. Umebaki nje kwenye meza ya kazi, umefungiwa mlango na Kiingereza.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hakuna sheria ya roboti inayosema gia huzunguka kwa Kiingereza. Hata kwenye jukwaa la kimataifa timu za nchi nyingine huja na wakalimani, na hakuna anayewaona wajinga. Ni sisi hapa nyumbani, Mkenya akimhoji Mkenya, ambao tunamtoza mtoto ushuru wa lugha kabla ya kumruhusu aeleze alichojenga kwa mikono yake. Na wa shule gani wataulipa ushuru huo bila kuhisi? Jibu unalo.

Najua mzazi wa CBC akisikia neno rubriki anahisi kizunguzungu. Tumeishi na viwango vinne: chini ya matarajio, anakaribia, anafikia, anazidi. LEGO League nayo ina viwango vinne vinavyofanana na hivyo kama pacha, kutoka anayeanza hadi aliyezidi. Sina shida na viwango. Kigezo kilichoandikwa ni bora kuliko jaji anayetuza timu kwa sababu nahodha alitabasamu vizuri. Shida ni pale kisanduku kinapokuwa na tiki peke yake. Ile karatasi yao inamtaka jaji anayekupa kiwango cha juu aandike umezidi kivipi. Vizuri sana. Lakini anayehitaji maelezo zaidi ni yule aliyewekwa chini. Yeye anarudi nyumbani na tiki, na mwalimu wake hajui msimu ujao aanzie wapi.

Sasa tusikilize wanaonipinga, maana wapo na wana hoja.

Wa kwanza wanasema: basi ondoeni majaji kabisa, roboti ijisemee. Pointi hazina upendeleo. Nimeshasema kwamba pointi zina upendeleo, tena wa fedha, ila umefichwa ndani ya sanduku la vifaa ambalo hakuna anayelikagua. Ukiwaondoa majaji hujaondoa upendeleo. Umeondoa mtu pekee aliyeweza kuuona. Tukifanya hivyo, miaka mitano ijayo tutakuwa na mashindano ya shule kumi zile zile, na wengine watakuwa mashabiki.

Wa pili wanasema: dunia ya leo inataka mtu anayejua kujiuza. Mhandisi asiyeweza kuzungumza na mfadhili atakufa njaa na uvumbuzi wake mfukoni. Kweli kabisa. Uliza vijana wangapi wa jiji hili wana programu nzuri kwenye simu na hawana hata mteja mmoja. Kuzungumza na kutafuta fedha kufundishwe, na kuwe na tuzo yake. Sina neno. Ninachokataa ni kuifanya biashara hiyo kuwa mlango wa kila tuzo, hadi timu ya mafundi wa kweli inaondoka bure kwa sababu haina ukurasa wa Instagram.

Wa tatu wanasema: hizi ni sheria za kimataifa, sisi hatuwezi kuzigusa. Hapa nasema wazi kwamba tunajificha. Lugha ya mahojiano inaamuliwa hapa. Majaji wanafunzwa hapa. Mahali pa kuhojia ni uamuzi wa mwandalizi. Maoni ya mdomo hayahitaji ruhusa kutoka Marekani. Na tunayo maonyesho yetu wenyewe ya sayansi na uhandisi ya shule, ambayo roboti zimo, ambayo karatasi za alama tunaziandika sisi wenyewe kuanzia chini hadi ngazi ya taifa. Nani ametuzuia?

Kuna na mtego wa huruma, ambao ni hatari kwa sababu unakuja umevaa wema. Mwaka 2017, kwenye mashindano ya kwanza ya FIRST Global huko Washington, timu ya wasichana kutoka Afghanistan ilinyimwa viza mara mbili kabla ya kuruhusiwa dakika za mwisho. Vifaa vyao navyo vilikuwa vimechelewa kufika. Waliondoka na medali ya fedha ya ujasiri. Walistahili kushangiliwa, na ulimwengu uliwashangilia. Lakini mchezo wa mwaka huo ulikuwa wa kutenganisha mipira iliyowakilisha maji safi na maji machafu, na wasichana wale walikuwa wamejenga roboti ya kufanya kazi hiyo. Ni wangapi kati yetu tunaoikumbuka medali tunaweza kusema ilivyofanya kazi? Tulikumbuka viza, tukasahau gia. Mtoto wa shule maskini anajua kunusa tofauti hiyo haraka kuliko unavyodhani. Ukimpa kikombe kwa sababu anatoka mtaa wa mabanda, atakipokea, atasema asante, na moyoni atajua hukuitazama kazi yake.

Kwa hivyo sitaki tuzo ya maskini. Nataka kazi ya kila mtoto ionekane kabla ya kupimwa. Na nina mapendekezo, maana kulalamika bila kupendekeza ni kazi ya baa.

Mosi, mahojiano makuu yahamie kwenye meza ya timu, roboti ikiwa mbele, bisibisi mkononi. Jaji aseme: itoe hiyo sehemu, niambie ikikosekana nini kitatokea. Hakuna mkufunzi wa kulipwa anayeweza kukukaririsha jibu hilo.

Pili, mtoto aambiwe mwanzoni, kwa sauti, kwamba anaweza kujibu kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, au kwa vyote viwili vikiwa vimechanganyika kama tunavyoongea sote. Kusiwe na alama inayopotea hapo.

Tatu, daftari lirudi. Liwe la kuandikwa kwa mkono, lenye tarehe, hata kama ni la bei ya chini kabisa kutoka duka la mtaa. Potifolio ya rangi ibaki kwa anayeitaka, lakini isiwe na uzito kushinda ukurasa uliochafuka.

Nne, athari ipimwe kwa kina. Badala ya nambari, timu ilete mtu mmoja iliyemfundisha, au ieleze alichoweza kufanya baadaye bila wao. Yule mtoto wa darasa la nne angeingia pale na kuandika programu ya kugeuka mbele ya majaji. Hakuna picha ya Jumamosi moja inayoweza kushindana na hiyo.

Tano, kila timu ijaze karatasi moja: tulikuwa na vifaa gani, tulitumia pesa ngapi, nani alitusaidia. Isiwe ya kumwaibisha yeyote, tajiri wala maskini. Jaji tu ajue kwamba suluhisho hili la mpira wa kufungia sukuma lilitokana na kukosa kipande, na kwamba kukosa kipande ndiko kulikozaa wazo. Wazee wa jua kali pale Kamukunji wamekuwa wakifanya uhandisi wa namna hiyo kabla ya sisi kuzaliwa, na hakuna aliyewauliza potifolio.

Sita, na hili ndilo ninalolipenda zaidi, majaji watoe maoni hadharani. Huu si ugeni kwetu. Aliyewahi kuimba kwaya kwenye tamasha la muziki la shule anamkumbuka yule mwamuzi anayepanda jukwaani na karatasi zake, anaisifu sauti ya tatu, halafu anavuta pumzi na kusema "lakini", na ukumbi mzima unaguna. Tamasha hilo limekuwepo nchini tangu 1927. Vizazi na vizazi vimejifunza kuimba kutokana na hiyo "lakini". Tulikuwa na desturi ya mwamuzi kueleza sababu zake mbele ya watu, na tulipoleta roboti tukaiacha mlangoni, tukachukua bahasha iliyofungwa. Kwa nini? Jaji asimame. Aseme timu hii imeshinda tuzo ya muundo kwa sababu hii na hii. Aseme timu ile ilikaribia, na ilipokwama ni hapa. Ukumbi usikie. Mzazi aliyepanda kiti kwa ajili ya mechi atajifunza kuwa kuna jambo jingine lililofaa kupandiwa kiti.

Mtasema ni mambo madogo. Kikombe cha shule, mtoto wa miaka kumi na mitatu, kuna nini? Kuna mengi. Timu inayotuzwa ndiyo inayosonga mbele. Inayosonga mbele ndiyo inayopata mfadhili, na jina lake linaandikwa kwenye barua ya maombi ya ufadhili wa masomo. Mtoto anayeambiwa mara tatu kwamba hana ufahamu wa kutosha, wakati shida ilikuwa lugha na printa, anaiamini karatasi. Anaacha klabu, anaenda kufanya mambo mengine, na sisi tunabaki kwenye makongamano ya hoteli tukiuliza kwa nini wahandisi wa nchi hii wanatoka shule zile zile.

Wewe unayesoma hapa, pengine umemaliza kozi ya uhandisi au kompyuta, pengine unafanya kazi za mtandaoni, pengine unatafuta. Mashindano haya yanaendeshwa na watu wa kujitolea, na kila msimu majaji hawatoshi. Kiti kile ukikiacha, atakikalia mtu anayependa brosha. Jiandikishe. Ukifika siku hiyo utapewa faili zenye majalada ya kung'aa. Ziweke chini kwanza. Nenda kwenye meza ya timu ambayo haina bango, uchuchumae uwe sawa na macho yao, uwaulize: hii mliijengaje? Kisha nyamaza, uwape muda.